Wetherspoon au baa ya zamani: ukiwa Dublin mkutane wapi?

Kila Septemba, wanafunzi wapya wakishatua Dublin, simu yangu hupokea swali lile lile: "Dada, Jumamosi tukutane wapi?" Muulizaji huwa na wiki mbili tu mjini. Ametoka Arusha, Mombasa au Bujumbura, ameshaambiwa kwamba Waayalandi mambo yao mengi huyamalizia baa, na ameshaona jinsi hela aliyokuja nayo inavyoyeyuka. Kwenye kundi letu la WhatsApp majibu hugawanyika papo hapo. Nusu watasema nendeni Wetherspoon, bei zao zinabebeka. Nusu nyingine watasema ukikaa Wetherspoon hujafika Dublin, tafuta baa ya zamani yenye kaunta ya mbao.

Pande zote mbili zina hoja, na mimi nimekaa kote, mara na bia, mara na chai, mara na watoto wa dada yangu. Hapa nazipambanisha kwa vigezo vilevile ili uchague kwa kuangalia mfuko wako, watu utakaokuwa nao, na kile unachokitafuta jioni hiyo.

## Tunalinganisha nini na nini

Wetherspoon ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na Tim Martin mwaka 1979 kwa baa moja huko Muswell Hill, kaskazini mwa London. Leo ina mamia ya baa. Mtindo wao unajulikana: wananunua jengo kubwa lililokwisha kazi yake, iwe benki, sinema au posta, wanalikarabati, kisha wanauza vinywaji na chakula kwa bei ya chini kuliko majirani. Julai 2014 waliingia Jamhuri ya Ayalandi kwa kufungua The Three Tun Tavern pale Blackrock, kusini mwa Dublin, na walifungua bila Guinness kwa sababu hawakuafikiana bei na Diageo wanaoitengeneza. Fikiria: Guinness inapikwa St James's Gate, katikati ya jiji hilohilo, tangu 1759. Ni kama mtu afungue hoteli Mwanza asiweke sato. Desemba ya mwaka huohuo wakagombana na Heineken, ambao walikataa kuipelekea bia baa yao mpya ya Dún Laoghaire, na Wetherspoon wakajibu kwa kuziondoa bia za Heineken katika baa zao zote, za Uingereza na Ayalandi.

Kwa hiyo mjadala unaousikia mtaani una historia. Baadaye kampuni ilisogea katikati ya jiji: The Silver Penny iko Abbey Street, na Agosti 2021 ikafunguliwa Keavan's Port, Camden Street, baa kubwa pamoja na hoteli ya vyumba 89. Mradi huo uligharimu kama yuro milioni 33. Kabla hujaenda tawi lolote, fungua programu yao ya simu uone lipo na linafungua saa ngapi, kwa sababu orodha za zamani zinazozunguka mtandaoni zinapotosha.

Upande wa pili ni baa za zamani. Mulligan's ya Poolbeg Street inahesabu umri wake tangu 1782, Palace Bar ya Fleet Street tangu 1823. John Kavanagh, iliyobanana na ukuta wa makaburi ya Glasnevin, ilianza 1833, na watu wanaiita "ya wachimba makaburi" hadi leo. Kuna The Long Hall yenye vioo na mbao za enzi za Malkia Victoria, kuna Toner's, kuna Grogan's, kuna The Cobblestone ya Smithfield. Nyingi zina jina la mtu juu ya mlango, na jina hilo ni la mwenye baa wa sasa au la aliyemtangulia miaka mia iliyopita.

Eneo la Temple Bar nimeliacha kusudi. Huko bei ni ya watalii, na baa iliyopambwa ifanane na ya zamani si lazima iwe ya zamani. Pita upige picha, kisha endelea na safari.

Vigezo vyangu ni hivi: bei na desturi ya raundi, namna ya kuagiza, kinywaji chenyewe, chakula, sauti na kampani, nafasi ya watoto na wasiokunywa pombe, na mwisho, pesa yako inamfikia nani. Nitatumia muda mwingi kwenye raundi na kampani, maana hapo ndipo wageni wengi huumia bila kutarajia.

## Bei, na raundi

Painti moja (glasi kubwa, zaidi kidogo ya nusu lita) ya stauti, ile bia nyeusi, katika baa ya zamani ya katikati ya jiji itakula yuro 6 hadi 7, na kwingine imeshapita hapo. Wetherspoon utakuta bia ya bomba kwa bei ya chini sana kuliko hiyo, hasa ukichagua zile wanazozitangaza mezani. Usisubiri saa maalum za punguzo kama zile za baa nyingi za nyumbani. Tangu 2003 sheria ya hapa inakataza kushusha bei ya pombe kwa saa chache za siku, kwa hiyo unachokiona saa nane mchana ndicho utakacholipa saa nne usiku.

Sasa piga hesabu ya mwanafunzi. Viza yake inamruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa yuro 13.50 kwa saa. Wiki nzima ni yuro 270, na ndani yake kuna kodi ya chumba, nauli, kadi ya simu na mama aliyepiga simu jana. Painti mbili katika baa ya zamani zinamaliza saa moja ya kazi.

Lakini bei ya painti moja si tatizo kubwa. Tatizo ni raundi. Nyumbani tunaijua raundi, ila kwetu huwa ni mwenye nacho anayeamua kuwamwagia wenzake, na asiye nacho hunywa kwa shukrani. Dublin raundi ni zamu. Mkiwa watano, wa kwanza ananunua tano, wa pili tano, mpaka izunguke. Hakuna anayekutangazia kwamba zamu yako imefika. Watu wanaangalia glasi zao zikiisha, na wanakumbuka. Painti tano kwa yuro 6.50 ni yuro 32.50, zaidi ya saa mbili za kusukuma troli za supamaketi. Namjua kijana aliyeingia kwenye raundi ya wafanyakazi wenzake sita bila kujua, akanywa tano za watu, kisha zamu yake ilipokaribia akaondoka kwenda "kupokea simu" na hakurudi. Hakuwa mchoyo. Kadi yake haikuwa na kitu. Kazini hakuna aliyemsema, ila hakualikwa tena, na ilimchukua muda kuelewa kwa nini.

Katika baa ya zamani, basi, jiandae kwa mojawapo ya mambo mawili. Ama una hela ya raundi nzima, ama unasema mapema, kabla glasi ya kwanza haijajazwa: "Mimi leo nakaa kidogo, najinunulia." Ukisema hivyo mwanzoni hakuna atakayenuna. Ukisema katikati, umechelewa. Na kuna siri nyingine ndogo: ukiagiza stauti na ukasema unataka "glasi", Dublin utapewa nusu painti, kwa takriban nusu ya bei. Wenyeji nao huagiza hivyo, kwa hiyo usione aibu.

Wetherspoon raundi haina nguvu hiyo. Kila mmoja ana simu yake, anaagiza chake na kulipa chake akiwa amekaa. Kwa watu wanaohesabu senti, hiyo ni nafuu kubwa kuliko hata tofauti ya bei. Nimeona kundi la wanafunzi kumi kutoka nchi sita wakikaa saa nne pale Abbey Street bila mtu yeyote kubanwa.

## Kuagiza

Mara yangu ya kwanza katika baa ya zamani ilikuwa Jumanne mchana. Mhudumu alichukua glasi, akaiinamisha chini ya bomba, akaijaza robo tatu, akaiweka juu ya kaunta mbele yangu. Nikaishika. Mzee aliyekuwa kiti cha pili alinyoosha vidole viwili, akaviweka juu ya ukingo wa glasi yangu taratibu kama anayemzuia mtoto asiguse jiko. "Bado, binti," akasema. "Iache itulie." Tukaitazama wote wawili. Ndani ya glasi povu la kahawia lilikuwa likishuka kwa mawimbi pembeni huku weusi ukipanda kutoka chini, hadi mpaka wa vitu viwili ukaonekana. Ndipo mhudumu akarudi, akamalizia juu, akaisukuma kwangu. Watengenezaji wanatangaza kwamba kazi hiyo inachukua sekunde 119.5. Katika sekunde hizo nilishaulizwa natoka wapi, baridi naionaje, na kama Kilimanjaro ina theluji kweli.

Huo ndio utaratibu wa baa ya zamani: unaenda kaunta mwenyewe. Hakuna mstari wa kupanga, lakini mhudumu mzuri anajua kichwani nani ametangulia. Simama mahali anapoweza kukuona, mtazame usoni, subiri. Usipige mluzi, usigonge kaunta kwa sarafu, na ule mwito wetu wa "psst" uache uwanja wa ndege. Bakshishi si lazima.

Niseme pia upande usiopendeza. Si kila baa ya zamani inampokea mgeni. Kuna moja, mbali na katikati ya jiji, tuliingia wanawake watatu weusi usiku wa Ijumaa, mazungumzo yakakatika, na mhudumu akawahudumia watu watano waliotukuta pale kaunta kabla ya kutugeukia. Tulikunywa soda zetu tukaondoka. Tukio kama hilo kwangu limekuwa nadra, lakini lipo, na anayekwambia halipo hajawahi kuingia na ngozi yako.

Wetherspoon unaweza kukwepa kaunta kabisa. Unakaa, unafungua programu yao, unaandika namba ya meza, unachagua, unalipa, glasi inaletwa. Kwa mtu ambaye Kiingereza cha Dublin bado kinampita masikioni kama treni, au aliyechoka kuambiwa "unasemaje?" mara tatu, hii ni huruma kubwa. Hakuna anayekuruka foleni kwa sababu foleni haionekani. Gharama yake ni kwamba unaweza kukaa pale jioni nzima, ukala, ukanywa, ukaenda zako, na sauti ya Mwayalandi hujaisikia zaidi ya "asante".

## Kinywaji chenyewe

Hapa sitakaa sana. Guinness ya bomba ya Dublin si ile ya chupa uliyoizoea nyumbani. Ya chupa ya Afrika Mashariki ni kali zaidi na ina uchungu wa kuchoma. Ya bomba hapa ni laini, ina kama asilimia 4 na kidogo ya kileo, na wengi wetu tukiinywa mara ya kwanza tunaona haina nguvu. Mpe muda ulimi wako.

Baa ya zamani inayouza stauti nyingi huiuza ikiwa bado mbichi na mabomba yake husafishwa kwa bidii, maana sifa ya nyumba iko hapo. Wateja wa Kavanagh na Mulligan's wanaweza kubishana nusu saa kuhusu painti ya nani ni bora. Uchaguzi mwingine, hata hivyo, huwa mdogo: mabomba machache, divai mbili tatu, na wiski nyingi. Wetherspoon wana aina nyingi zaidi za bia, zikiwemo za viwanda vidogo, na zinabadilika. Kama umeenda kwa ajili ya Guinness hasa, tazama vichwa vya mabomba kabla ya kukaa. Pale Blackrock mwaka 2014 kuna waliokaa kwanza ndipo wakauliza.

## Chakula

Kwa tumbo lenye njaa, Wetherspoon haina mpinzani katika bei hizo. Kuna kifungua kinywa tangu asubuhi, baga, samaki na chipsi, mchuzi wa kuku na wali, na sahani za wasiokula nyama. Menyu ni karibu ileile kila tawi, kwa hiyo ukishajua unachokipenda huna wasiwasi. Usitegemee mkono wa mpishi. Ni chakula cha kampuni, kimepimwa na kinakuja haraka.

Baa ya zamani nyingi hazipiki kabisa. Utapata krispi, karanga, na labda mkate wa kubanwa wenye jibini na nyama. Mkate wa Grogan's una wapenzi wake, na Kavanagh wanasifika kwa kodo, mchemsho wa Dublin wa viazi, soseji na nyama ya nguruwe. Ndugu Waislamu, hapa angalieni: nguruwe anaingia kwenye vyakula vingi vya zamani vya baa, hata mkate wa kubanwa. Ulizeni, au chagueni mahali penye menyu iliyoandikwa, na kwa hilo Wetherspoon ni rahisi zaidi, ingawa kusoma menyu bado si sawa na kuhakikishiwa kuwa nyama ni halali.

## Sauti na kampani

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba Wetherspoon kwa kawaida hawapigi muziki. Ni ukumbi mpana, sauti za watu, vijiko, vicheko. Mnaweza kuongea Kiswahili kwa sauti yenu ya kawaida, mkacheka vile tunavyocheka, na hakuna atakayegeuka. Kwa kundi linalotaka kujadili michango ya harusi au msiba wa nyumbani, ni mahali pazuri kuliko sebule ya mtu yenye viti vinne. Upande wa pili wa ukubwa huo ni kwamba hakuna anayekujua. Ukienda mara hamsini, mara ya hamsini na moja bado wewe ni namba ya meza.

Baa ya zamani zinatofautiana. Kavanagh hakuna televisheni wala muziki. Kuna watu na maneno yao tu. Baadhi zina kijichumba kidogo karibu na kaunta chenye mlango wake na kidirisha cha kupokelea vinywaji. Wanakiita "snug". Zamani wanawake walikaa humo wasionekane wakinywa, na mapadri pia. Cha Toner's ni maarufu. Leo ukikiwahi mchana mkiwa wanne, mna sebule yenu wenyewe, na ndani yake Kiswahili kinasikika vizuri sana.

Halafu kuna The Cobblestone. Wanamuziki hukaa meza ya pembeni, si jukwaani, kila mtu na ala yake: fidla, filimbi, banjo, zumari ya kubana kwa kiwiko. Wanapigiana wao kwa wao na sisi tunaruhusiwa kusikiliza. Mtu akianza kuimba peke yake, baa yote hunyamaza, na ukiendelea kuongea utatazamwa. Mwaka 2021 lilipokuja ombi la kujenga hoteli juu na kuizunguka baa hiyo, watu waliandamana mitaani wakibeba jeneza, wakisema wanauzika utamaduni wa Dublin. Novemba mwaka huo halmashauri ya jiji ikalikataa ombi. Mimi nilipousoma uamuzi ule nilifikiria vilabu vya taarabu na madansi ya Ilala na Magomeni vilivyokwisha bila mtu kubeba hata bango, na moyo uliniuma.

Nataka kusema jambo moja kwa uzito, kwa sababu nafanya kazi na wagonjwa na naona upweke unavyomla mtu. Mhamiaji anaweza kukaa Dublin miaka mitano akiwa na kazi, chumba na wenzake wa nyumbani, bila Mwayalandi hata mmoja anayelijua jina lake nje ya kazi. Kama hilo linakugusa, kiti cha kaunta katika baa ya mtaa wako, siku ileile, saa ileile, kila wiki, na kikombe cha chai, ni dawa halisi. Mhudumu atakuuliza ulikuwa wapi wiki iliyopita. Wetherspoon haijajengwa kwa kazi hiyo. Lakini pia kuna majira ambayo mtu hataki kuulizwa chochote. Umetoka zamu ya usiku, umempoteza mgonjwa, unataka sahani ya mayai na kimya. Siku hiyo ukumbi mkubwa usiokujua ni neema.

## Watoto, na wasiokunywa

Sheria ni moja kwa wote: mtoto wa chini ya miaka 15 anaruhusiwa kuwa baa na mzazi au mlezi wake mpaka saa tatu usiku, na kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba mpaka saa nne. Kiuhalisia Wetherspoon ina nafasi ya kigari cha mtoto na chakula anachokijua. Baa ya zamani nyingi ni nyembamba, ngazi za choo ni za kuteremka kama kisima, na Ijumaa jioni hakuna pa kumlaza mtoto.

Asiyekunywa pombe hana haja ya kuogopa popote. Wetherspoon inajulikana kwa chai na kahawa ya bei ndogo. Baa ya zamani sasa karibu zote zina Guinness isiyo na kileo, na chai huletwa kwenye birika lake na maziwa pembeni. Ila ujue kwamba "isiyo na kileo" kwa baadhi yetu bado ni bia. Uamuzi huo ni wako na imani yako. Katika raundi, anayekunywa soda naye ana zamu yake.

## Pesa yako inamfikia nani

Ayalandi leseni mpya za baa hazitolewi hivi hivi. Sheria inayotoka 1902 inadai kwamba anayefungua baa anunue leseni iliyopo na kuizima, na tangu mwaka 2000 leseni hiyo inaweza kutoka popote nchini. Ndivyo leseni za vijijini zilivyohamia mijini, kwenye supamaketi na kumbi kubwa. Anayesema kwamba ukumbi mpya Dublin una uhusiano na baa iliyofungwa mbali huko vijijini hatungi.

Upande wa pili nao una haki ya kusikika. Majengo ya Camden Street yalikaa matupu miaka mingi kabla ya Keavan's Port. Sasa yana paa zima, na watu wengi wana kazi humo, wageni kama sisi wakiwemo. Wala si kila baa ya zamani ni ya familia. Baadhi ziko mikononi mwa makampuni yenye baa kadhaa, ingawa jina la babu bado liko juu ya mlango. Na kuna Waayalandi wanaoikwepa Wetherspoon kwa sababu mwanzilishi wake aliunga mkono waziwazi Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya katika kura ya 2016. Ukimwalika mwenyeji akakataa, huenda sababu ni hiyo.

## Kulingana na hali yako

Mkiwa kundi kubwa la wanafunzi, mifuko haifanani: Wetherspoon, na kila mtu aagize chake. Keavan's Port ni mwendo mfupi kutoka kituo cha Harcourt cha Luas, tramu ya Dublin, na The Silver Penny iko karibu na kituo cha Abbey Street.

Umealikwa na wafanyakazi wenzako Ijumaa baada ya kazi: nenda nao wanakokwenda, na huwa ni baa ya zamani. Toka na hela ya raundi moja kamili, nunua ya pili au ya tatu, kisha aga. Ukinunua mapema utakuwa huru kuondoka.

Mna watoto, au mmetoka kanisani au msikitini na njaa: Wetherspoon kabla ya saa kumi na mbili jioni. Waislamu, someni menyu na mbaki kwenye samaki na mboga kama hamna uhakika.

Mgeni amekuja kutoka nyumbani na ana jioni moja tu: The Long Hall saa kumi, kabla haijajaa, kisha The Cobblestone kwa muziki. Mwonyeshe glasi ikitulia. Ataisimulia Tandika mwaka mzima.

Mna jambo zito la kuzungumza, watu watatu wanne: kijichumba cha baa ya zamani, siku ya katikati ya wiki, mchana.

Umetoka zamu ya usiku: Wetherspoon, mayai na kahawa, simu mfukoni.

Na kama una mwezi wa tatu au wa nne hapa, na siku za mapumziko zinapita bila mtu kukuuliza hali: tafuta baa ndogo iliyo dakika kumi kutoka unapolala. Nenda Jumanne saa tisa alasiri. Kaa kaunta, usikae mezani. Agiza glasi au birika la chai, na simu ibaki kwenye koti. Ukiona hawakupokei vizuri, maliza, lipa, jaribu nyingine wiki ijayo. Ukiona umepokelewa, rudi Jumanne inayofuata, saa ileile.